Uzi unakatika, mishono hailingani: je, cherehani ya nyumbani inaweza kudarizi mfarishi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nashona nguo za watoto nyumbani kwa cherehani ndogo ya umeme. Nataka kujifunza kudarizi mfarishi, lile tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, kwa mshono huru, ule wa kushusha meno ya cherehani na kukizungusha kitambaa kwa mikono. Nimejaribu majuma matatu. Mishono mingine inatoka mirefu, mingine midogo kama chembe za mchanga. Uzi wa juu unakatika kila baada ya dakika mbili tatu, na nikigeuza upande wa chini naona vitanzi vimesimama kama kope kila penye kona. Nimeambiwa cherehani yangu ni dhaifu, ninunue ya kiwandani. Mama mkwe naye anasema mfarishi wa kweli ni wa mkono. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue cherehani nyingine. Hayo uliyoyataja ni magonjwa matatu, lakini chanzo chake kikubwa ni kimoja: mikono yako na mota ya cherehani bado hazijapatana mwendo.

Unaposhona gauni, kazi ya kusogeza kitambaa inafanywa na meno yaliyo chini ya mguu. Ukiweka namba 2.5, kila mshono unatoka na milimita 2.5, ukanyage polepole au ukanyage kwa nguvu. Ndiyo maana mtu anaweza kushona nguo miaka kumi bila kuujali mwendo. Sasa ukishusha meno, ile namba haina kazi tena. Sindano inapanda na kushuka tu, haijui kitambaa kiko wapi. Urefu wa mshono unapatikana kwa mikono yako imesogea kiasi gani kati ya pigo moja la sindano na la pili.

Tupige hesabu. Cherehani ya nyumbani ikikanyagwa wastani inaweza kwenda mapigo 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukitaka mishono 10 ndani ya inchi, ambayo ni kipimo kizuri cha mfarishi, mikono isogee inchi moja kwa sekunde. Chukua futi kamba, iweke mezani, usogeze kidole juu yake inchi moja huku unatamka "mia na moja" bila haraka. Utaona ni polepole kuliko ulivyozoea. Wanafunzi wengi niliowaona wanafanya kinyume: wanaogopa kelele ya mota, wanakanyaga kidogo, halafu mikono inakimbia. Sindano moja imetua hapa, nyingine imetua nusu inchi mbele. Hofu hiyo ukiigeuza, yaani mota iende kwa kasi kidogo kuliko unavyopenda na mikono itulie, nusu ya tatizo lako litaisha kwa siku moja.

Na zile kope za chini ni jambo hilohilo. Kwenye mstari ulionyooka mtu anakwenda vizuri, akifika kwenye kona anaharakisha mikono ili amalize mzunguko, au mguu unalegea kwenye kanyagio bila yeye kujua. Kitambaa kinavutwa sindano ikiwa bado imezama ndani, uzi wa juu unaburutwa kwenda chini, unabaki kitanzi. Wakati mwingine sindano inajipinda kidogo, inagonga bamba, kile kibati chenye tundu inapopitia sindano, uzi unakatika. Kwenye kona usikimbie. Mlio wa mota ubaki vilevile kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mimi huwaambia wanafunzi wasikilize zaidi kuliko kutazama: mlio ukipanda na kushuka kama wa pikipiki mlimani, ujue mishono nayo inapanda na kushuka.

Hapa niseme neno kuhusu cherehani za miguu, kwa sababu watu wanazidharau. Pita kwenye baraza yoyote ya mafundi wa kudarizi mashuka na vitambaa vya makochi. Fundi ameng'oa mguu wa cherehani kabisa, amekibana kitambaa kwenye duara la mti, anakanyaga kwa miguu miwili na ua linaota mbele ya macho yako. Huo ni mshono huru. Tofauti yake na wa kwako ni kwamba yeye anajaza rangi kwenye kitambaa kimoja, wewe unafunga tabaka tatu pamoja. Na yule fundi ana faida: mwendo wa miguu na mwendo wa mikono unatoka kwenye mwili mmoja, hakuna umeme wa kupungua katikati. Ukipata nafasi, kaa pembeni ya mmoja wao nusu saa, utazame mikono yake wala usiitazame sindano. Utaona haivuti. Inateleza, inasimama, inateleza. Cherehani ya kuzungusha kwa mkono tu ndiyo isiyofaa, maana kazi hii inataka mikono yote miwili iwe juu ya kitambaa.

Tuje kwenye cherehani yako. Kwanza tafuta mguu wa kudarizi, ule wenye duara dogo chini na springi, unaorukaruka pamoja na sindano. Bila huo kitambaa kinapanda na sindano inapotoka, mshono unaruka. Fundi wa barazani anaweza kuacha mguu kwa sababu duara la mti limekikaza kitambaa chake. Kabla ya kununua, shusha mguu ulio nao upime kutoka kwenye bamba hadi kwenye skrubu inayoushika: ikiwa ni karibu sentimita 1.3, cherehani yako ni ya shina fupi. Ikiwa ni karibu 2.5, ni ya shina refu, na miguu yake haibadilishani. Ukiufunga, ule mkono wake mdogo wa pembeni ukae juu ya skrubu inayobana sindano. Ukiuweka chini yake mguu hautaruka, utabaki umekandamiza, nawe utadhani cherehani imekwama.

Kama cherehani haina swichi ya kushusha meno, usihangaike. Weka urefu wa mshono 0. Meno yatapanda na kushuka palepale bila kuvuta. Yakikusumbua kwa kukwaruza, yafunike kwa kipande cha plastiki chembamba chenye tundu la sindano, ukibandike kwa utepe wa karatasi wenye gundi.

Halafu jambo linalowapata hata mafundi wazoefu: kusahau kushusha kile kishikio cha nyuma cha mguu. Mguu wa kudarizi haukandamizi kitambaa sindano ikiwa juu, hata ukiwa umeshushwa, kwa hiyo jicho halioni tofauti. Lakini kishikio kikiwa juu, visahani vinavyokaza uzi viko wazi, uzi wa juu unamwagika bila breki, na chini panajaa fundo kubwa kama kiota cha ndege. Ukiona kiota, kagua kishikio kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Na kinyume chake, unapotunga uzi, kishikio kiwe juu, ili uzi uingie katikati ya visahani. Ukitunga kikiwa chini uzi unakaa nje, na hakuna namba ya kukazia itakayokusaidia.

Kuhusu uzi kukatika, anza na kilicho rahisi. Badili sindano. Sindano ya nyumbani hudumu kama saa nane za kushona, na mfarishi unaichosha haraka kuliko gauni. Tumia namba 90/14, na ukipata ile yenye tundu refu la kushonea uzi wa juu, chukua hiyo. Uigeuze vizuri: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na mfereji huo sharti uelekee upande ambao uzi unaingilia. Ukiweka kinyume uzi hauna pa kujificha sindano inapopita kwenye tabaka tatu, utakatika tu. Kisha ujaribu uzi wenyewe: kata kama shibiri mbili, uvute kwa ghafla. Ukikatika kama unyasi mkavu, ni mzee, umeungua jua dukani. Kwa mazoezi, uzi wa kawaida wa polista unatosha. Ule wa kudarizi unaong'aa ni mzuri lakini ni dhaifu, uache kwanza. Kama unatumia koni kubwa, usiilazimishe kwenye kijiti cha cherehani. Isimamishe ndani ya kikombe kizito nyuma ya cherehani, uzi uchomoke kwa juu.

Mkazo wa uzi upime kwa rangi mbili. Weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, shona mizunguko michache kwenye kipande, ukigeuze. Vidoa vyekundu vikionekana chini, uzi wa juu umelegea, au mikono yako inakimbia. Vidoa vyeupe vikionekana juu, uzi wa juu umekaza mno. Sogeza nusu namba tu kila mara, ushone tena. Skrubu ya shato, kile kikopo kinachobeba bobini, usiiguse mpaka umeshindwa kwa juu. Na kila ukimaliza bobini, fungua shato, upige brashi. Pamba ya mfarishi inaacha vumbi jingi kuliko unavyodhani, na kipande cha vumbi chini ya kile kibati cha shato kinatosha kuuharibu mshono wote.

Sasa tabaka tatu zenyewe. Juu na chini tumia pamba tupu. Kitenge cha pamba ni kizuri sana, lakini kifue kwanza ili nta na wanga vitoke na kama ni cha kurudi kirudi kabla ya kushonwa. Katikati usiweke sponji la makochi. Najua ndilo linalopatikana kirahisi na linajaza upesi, ila linang'ang'ania mguu, linasukuma kitambaa mbele, na kwa mwanafunzi ni mateso matupu. Tafuta ile pamba nyembamba ya polista wanayoweka mafundi wa makoti, au chukua blanketi kuukuu jepesi la pamba. Nimetengeneza mifarishi ya watoto kwa blanketi kuukuu na ikalala vizuri mno.

Kupiga bandi, yaani kuzishikiza tabaka tatu kwa muda kabla ya kudarizi, ndiko kunakoamua kazi yote, na mimi nililijua hilo kwa hasara. Mfarishi wangu wa kwanza wa kitanda kikubwa niliufunga kwa pini chache, moja hapa na nyingine mkono mzima mbele, kwa sababu harusi ya mdogo wangu ilikuwa karibu. Juu ulitoka safi. Nilipougeuza, bitana ilikuwa imejikunja katikati, mkunjo wa urefu wa mkono umeshonewa humohumo kwa mizunguko midogo midogo. Nilifumua usiku tatu, mshono baada ya mshono, kwa ncha ya sindano. Tangu siku hiyo nabandika bitana sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, imenyooka bila kuvutwa mpaka ikaumia, natandaza pamba, natandaza kitambaa cha juu, halafu nafunga vikwasi, zile pini za kufunga, kila ngumi moja, yaani kama sentimita 10. Naanzia katikati nikielekea nje. Ukiweka ngumi popote kwenye mfarishi, iguse kikwasi. Kama huna vikwasi vya kutosha, piga bandi kwa mkono kwa mishono mirefu. Inachukua jioni nzima, na ni jioni iliyotumika vizuri.

Meza nayo ina maneno yake. Nafasi kati ya sindano na nguzo ya cherehani ya nyumbani ni ndogo, nyingi hazizidi sana sentimita 16 au 18. Hapo ndipo mfarishi wote utapita, na uzito wake ukining'inia pembeni ya meza unavuta sindano bila wewe kujua. Hiyo pia hukata uzi. Sukuma meza ukutani, weka kiti kushoto kwako, panga vitabu au maboksi kuzunguka cherehani mpaka yalingane na bamba lake. Seremala yeyote atakukatia ubao wenye nafasi ya cherehani ukimpelekea vipimo. Usiukunje mfarishi kwa ukali kama mkeka. Ukusanye tu, uuachie ulegee mbele yako, ushughulike na eneo la kama sahani ya pilau. Ukilimaliza, simama na sindano imezama, panga mikono upya, endelea. Viganja vikiteleza, vaa glavu zile za bustani zenye mpira, au vile vidole vya mpira vya kuhesabia noti. Hapo hutahitaji kubonyeza kwa nguvu, na mabega yatashuka.

Ukianza mstari, shusha sindano mara moja kwa gurudumu, ipandishe, uvute uzi wa bobini utokeze juu, ushike nyuzi zote mbili. Shona mishono mitano sita midogo kabisa palepale, ndipo uende. Ukimaliza, fanya vivyo hivyo. Macho yasikae kwenye sindano. Yatangulie kama kidole kimoja mbele, kule unakokwenda. Ukiikodolea sindano, mikono itasita kila pigo.

Mazoezi yako ya kwanza yawe ya kalamu. Najua unataka kukaa kwenye cherehani, lakini chukua daftari, uchore mistari inayopinda bila kunyanyua kalamu mpaka ukurasa ujae. Kinachokwama kwenye karatasi kitakwama kwenye kitambaa. Ukishaweza, shona jina lako. Mkono wako umeliandika jina hilo tangu darasa la kwanza, unajua linaanzia wapi na linakunjia wapi, kwa hiyo akili inabaki na kazi moja tu ya kulinganisha mwendo. Shona jina lako na la watoto wako, mistari kumi kwa siku, kwenye vipande vya sentimita 35 kwa 35. Robo saa kila siku inafaa kuliko Jumamosi nzima.

Kisha vitanzi, kama herufi e ndogo zilizofuatana, huku zikigeuka huku na kule. Wengi huanza na ule mstari wa mto unaopinda bila kujikata, wakidhani ni rahisi. Si rahisi. Unataka ukumbuke ulikotoka na usijifungie. Vitanzi vinaruhusiwa kukatana, na kila kimoja kinakupa mahali pa kupumua kabla ya kinachofuata.

Na sisi tuna bahati ambayo wengine hawana: vitambaa vyetu vimekwisha kuchorwa. Kitenge chenye maduara, majani au ndege ni ramani tayari. Tumia uzi wa rangi inayofanana na kitenge, ufuate ukingo wa kila umbo. Ukikosea nusu milimita, rangi za kitenge zinaficha. Hakuna chaki, hakuna kuchora, na mwisho upande wa chini, kama uliweka bitana nyeupe, unakuta lile ua limejiandika lenyewe kwa uzi mtupu. Mara ya kwanza nilipoligeuza na kuliona nilikaa kimya.

Kanga ni tamu zaidi. Shona pindo kwanza kwa mistari ya kuufuata ukingo wake, ili mfarishi ukae mraba, kisha uingie mji, ile sehemu ya katikati. Jina la kanga usilipige mishono juu. Lizungushie mstari mmoja nje ya kisanduku chake, uliache tambarare. Maneno yatainuka yenyewe kwa sababu kila kilicholizunguka kimebanwa, na mtoto atakayelalia hapo ataweza kuyasoma kwa kidole. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, inatosha mfarishi wa mtoto bila kuunga, na doti moja inakupa juu na chini.

Mama mkwe wako msikilize kwa adabu, maana mshono wa mkono una uzuri wake na subira yake. Lakini ubishi huo umewahi kuwapo hata Marekani, ambako mifarishi ina maonyesho makubwa. Mwaka 1989, kwenye maonyesho ya American Quilter's Society mjini Paducah, Kentucky, Caryl Bryer Fallert alishinda tuzo kuu kwa mfarishi uliodariziwa kwa mashine. Ulikuwa wa kwanza wa mashine kuipata tuzo hiyo. Wapo waliokasirika. Lakini mbele ya ule mfarishi hoja ya kwamba mashine ni mkato ilikosa nguvu, kwa sababu mikono ndiyo iliyouongoza kila mshono. Mwonyeshe mama mkwe mikono yako ikifanya kazi, umkalishe hata ajaribu vitanzi viwili. Wanaojua kudarizi kwa mkono wana jicho la umbo, na huwa wanashika haraka.

Kwa hiyo mpango wako ni huu: juma hili jina lako, juma lijalo vitanzi, la tatu kipande cha kitenge ukifuata maua. Mwezi ujao kanga moja. Usisubiri mishono ilingane kabisa ndipo uanze kanga. Ukimaliza kuushonea mfarishi ukingo, ufue kwa maji ya uvuguvugu, uukaushe kivulini ukiwa umetandazwa. Kama ndani kuna pamba halisi au lile blanketi kuukuu, itajikunyata kidogo, na kitambaa kitajaa mikunjo midogo kati ya mistari. Mishono mirefu na mifupi yote itazama humo. Utautafuta ule uliokunyima usingizi na hutauona.